Ziwa dogo lenye maji maangavu kaskazini mwa Wisconsin: kwa nini samaki ni wachache na wadogo?

Mzaliwa wa Baraka aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na sasa ninaishi kaskazini mwa jimbo la Wisconsin, katika kaunti ya Vilas, ambako ninatunza nyumba za mapumziko zinazozunguka ziwa dogo msituni. Kaunti hii ina maziwa zaidi ya 1,300, mengi yakiwa mashimo yaliyoachwa na barafu kuu ya kale ilipoyeyuka, na hili ninaloliulizia ni mojawapo ya yale yasiyo na mto unaoingia wala unaotoka. Maji yake ni maangavu kiasi kwamba mtu aliyekaa kwenye mtumbwi penye kina cha mita 5 huona konokono wakitambaa mchangani na nyuzi za mwani zikiyumba juu ya magogo yaliyozama.

Samaki hawalingani na uzuri huo wa maji. Perchi wa njano, wale wenye mistari ya kusimama ubavuni, wengi hawazidi urefu wa kiganja. Besi wa mdomo mpana ni wembamba, kichwa kikubwa na mwili mdogo. Blugili, ambao umbo lao la bapa linakaribiana na la sato mchanga, wamejaa karibu na gati lakini hawakui. Kwetu Tanganyika maji ni maangavu vilevile, na hata hivyo mtu akitoka na taa usiku wa giza hurudi na dagaa wa kutosha kulisha mtaa.

Wenye nyumba watakutana kabla ziwa halijaganda, na mapendekezo yaliyopo mezani ni manne: kuondoa miti yote iliyoangukia majini ili ufuko uonekane safi, kung'oa mimea ya majini, kumwaga mbolea kidogo ili ziwa lipate rutuba, na kuleta samaki wadogo hai kutoka ziwa la jirani ili besi wapate chakula. Kazi hizo zote zitaniangukia mimi, na kabla sijashika msumeno ningependa kuelewa ninachokifanya. Je, maji maangavu ni dalili ya ziwa lenye afya? Kwa nini uangavu wa Tanganyika unakwenda pamoja na samaki wengi, na wa huku haufanyi hivyo? Katika mapendekezo hayo, ni lipi la kusaidia na ni lipi la kudhuru? Zaidi ya hayo, familia yangu inakula samaki wa ziwa hili mara kwa mara, na mke wangu ni mjamzito, kwa hiyo naomba pia kujua kama wanafaa kuliwa.

Fundi wa Maji, Madison, alijibu:

Kaka, karibu sana, na umefanya vema kuuliza kabla ya kushika msumeno. Ninafanya kazi ya kupima maji katika maabara, na swali lako la kwanza ndilo ambalo watu wengi hulipita haraka mno.

Uangavu unatuambia jambo moja tu, kwamba ndani ya maji mna chembe chache za kuzuia mwanga. Hautuambii kwa nini chembe hizo ni chache. Ziwa linaweza kuwa angavu kwa sababu udongo unaolizunguka ni mchanga mtupu usio na virutubisho, na hivyo mwani hauna cha kuotea. Linaweza kuwa angavu kwa sababu wadudu wadogo wa majini wanaoitwa dafnia wanauchunga mwani na kuumaliza. Linaweza kuwa angavu kwa sababu limeingiwa na kome wenye milia waliotoka Ulaya ya mashariki, ambao kila mmoja huchuja takriban lita moja ya maji kwa siku na kuwanyang'anya samaki wachanga chakula chao. Na linaweza kuwa angavu kwa sababu limechachuka kwa asidi. Katika miaka ambayo mvua ya asidi ilikuwa kali, maziwa kadhaa ya Sweden na ya milima ya Adirondack katika jimbo la New York yalikuwa na maji ya kupendeza macho huku samaki wakiwa wametoweka. Sababu hizo nne zinatofautiana kabisa, na mtu anayetazama kutoka gatini hawezi kuzitenganisha.

Kwa ziwa lako nadhani sababu ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi. Ziwa lisilo na mto hupata maji yake kutokana na mvua na kutokana na chemchemi za chini zinazopenya kwenye mchanga, na mchanga wa Vilas uliachwa na barafu ukiwa maskini wa madini. Maziwa ya namna hiyo huwa na fosforasi chini ya mikrogramu 10 hivi kwa lita. Huo ni umaskini wa asili, haukuletwa na ugonjwa, na ziwa limeishi nao kwa maelfu ya miaka. Kome wa milia sidhani kama wamo, kwa kuwa wanahitaji kalsiamu ya kujengea magamba yao, na maji laini ya maziwa haya huwa na kalsiamu ndogo mno kwao.

Kuhusu Tanganyika, tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana juu ya maji. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na katika vilindi hivyo mna ghala kubwa la virutubisho vilivyozama kwa muda mrefu sana. Kati ya Mei na Septemba pepo za kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye rutuba hupanda upande wa kusini na kuusambazia mwani chakula. Mwani huo huliwa upesi, ndiyo maana maji hubaki maangavu, na kila kitu huzaliana mwaka mzima kwa sababu ya joto. Dagaa wa Tanganyika hukomaa kabla ya kutimiza mwaka na wengi hawaishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Perchi wako wa Vilas anaishi chini ya barafu kwa miezi mitano hivi ya kila mwaka bila kukua kwa maana yoyote, na huhitaji miaka kadhaa kufikia ukubwa wa kuwekwa kikaangoni. Kwa hiyo ziwa hili halitatoa mavuno ya Tanganyika hata likitunzwa namna gani. Linaloweza kutoa ni samaki wachache wenye afya, na hilo lafaa kusemwa waziwazi mbele ya wenye nyumba.

Ningeomba utuletee vipimo vitatu: uangavu kwa sahani ya Secchi, pH (kipimo cha uchachu wa maji), na joto pamoja na oksijeni kutoka juu hadi chini. Sahani hiyo ni duara la sentimita 20 lililopakwa robo nyeupe na robo nyeusi; unaishusha kwa kamba upande wa kivuli wa mtumbwi mpaka isionekane, kisha unasoma kina. Wisconsin ina mtandao wa wananchi wanaojitolea kupima maziwa tangu mwaka 1986, na kwa kawaida humpatia mtu vifaa pamoja na mafunzo.

Mfugaji wa Kakamega alijibu:

Ninaomba kuuliza, kwa heshima zote. Sisi wafugaji wa samaki hurutubisha bwawa kwa samadi au mbolea, maji yanakuwa ya kijani, na sato wananenepa. Maji yakiwa maangavu tunajua kuwa bwawa lina njaa. Ikiwa ziwa la ndugu yetu ni maskini wa fosforasi, kama alivyosema Fundi, kwa nini lisipewe hicho linachokikosa?

Fundi wa Maji, Madison, alijibu:

Swali lako ni la haki, ndugu Mfugaji, na jibu lake limewahi kuonekana kwa macho kutoka angani. Katika jimbo la Ontario, Kanada, kuna eneo la maziwa ya majaribio lililoanzishwa mwaka 1968, ambamo watafiti wanaruhusiwa kufanyia majaribio ziwa zima. Mwaka 1973 kundi la David Schindler liliweka pazia la plastiki katika sehemu nyembamba ya ziwa lililopewa namba 226, likaligawa pande mbili. Pande zote mbili zilitiwa kaboni na nitrojeni. Upande mmoja pekee uliongezewa fosforasi. Upande huo uligeuka kijani kizito kwa bakteria wa majini wa rangi ya kijani-buluu, na upande wa pili ukabaki angavu. Picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege ilionyeshwa kwa wabunge na watu wa kawaida, nayo ilichangia sana kupatikana kwa sheria za kupunguza fosforasi katika sabuni.

Bwawa lako lina kina kifupi, lina joto, na sato anakula mwani wenyewe, kwa hiyo rutuba inageuka nyama kwa hatua moja. Unaweza pia kulikausha na kuanza upya. Huku hakuna samaki anayekula mwani kwa kiwango hicho. Mwani unaozalishwa na mbolea utakufa, utazama kwenye maji baridi ya chini, na utaoza huko kwa kutumia oksijeni iliyokuwamo. Kilo 1 ya fosforasi inaweza kuzalisha mwani mbichi hadi kilo 500, na wote huo utadai oksijeni siku ya kuoza. Oksijeni ikiisha chini, tope nalo huanza kurudisha fosforasi lililokuwa limeifunga, na ziwa likawa linajirutubisha lenyewe hata baada ya watu kuacha kumwaga mbolea. Hali hiyo huweza kudumu miongo. Ndiyo maana ninasema bila kusita kwamba katika mapendekezo manne hilo la mbolea ndilo baya kuliko yote. Hata kwenye nyasi za majumbani, tangu mwaka 2010 sheria ya Wisconsin inazuia kutumia mbolea yenye fosforasi, isipokuwa kwa nyasi mpya au pale upimaji wa udongo unapoonyesha upungufu.

Msoma Maziwa, Duluth, alijibu:

Mimi nitazungumzia miti, kwa sababu jambo hilo limejaribiwa katika kaunti hiyohiyo ya Vilas, kwenye ziwa linalofanana sana na hilo unalolitunza.

Ziwa hilo linaitwa Little Rock Lake. Ni dogo, lina hektari 18 hivi, halina mto, na lilikuwa limegawanywa pande mbili kwa pazia. Mwaka 2002 watafiti waliondoa sehemu kubwa ya miti iliyozama kando ya upande mmoja, na upande wa pili hawakuugusa. Upande ulioondolewa miti, perchi walipungua hadi kukaribia kutoweka. Perchi wa njano hutaga mayai yake katika mkanda mrefu wa utelezi, mkanda ambao jike huutundika juu ya matawi yaliyozama, ukining'inia katika maji yanayopitisha hewa. Ukianguka kwenye tope, mayai hufunikwa na kuharibika. Miti ilipoondoka, mahali pa kutagia palikwisha, na perchi wachanga waliobaki hawakuwa na pa kujificha mbele ya besi. Besi waliwala wakawamaliza, kisha wao wenyewe wakakosa samaki wa kula na kasi yao ya kukua ikapungua. Ninakuomba ulitazame hilo kwa makini, kwa sababu maelezo yako ya perchi wadogo na besi wenye kichwa kikubwa yananifanya niulize ni miti mingapi ilikwishaondolewa na wenye nyumba waliotangulia.

Kuna hesabu nyingine inayosaidia. Uchunguzi uliofanywa katika maziwa ya kaskazini mwa Wisconsin na sehemu ya Michigan inayopakana nayo, uliochapishwa mwaka 1996, ulikuta wastani wa magogo 555 kwa kila kilomita ya ufuko katika maziwa yasiyo na nyumba, na magogo 57 tu mbele ya nyumba za mapumziko. Mti mmoja mkubwa wa msonobari hukaa majini kwa miaka mingi kuliko umri wa mtu aliyeuona ukianguka, kwa hiyo anayeuondoa leo anaondoa kitu ambacho wajukuu wake hawatakiona kikirudi.

Mimea ya majini ina kazi ileile kwa samaki wachanga, na zaidi ya hapo mizizi yake inashika mchanga usitifuke. Mwenye nyumba akitaka njia ya kuogelea, sheria ya jimbo inamruhusu kung'oa kwa mkono katika sehemu moja isiyozidi upana wa mita 9 hivi. Kupita hapo kunahitaji kibali, na miti iliyozama usiiguse kabla ya kuzungumza na ofisi ya Idara ya Maliasili ya Wisconsin.

Mzaliwa wa Baraka alijibu:

Ninawashukuru sana, ndugu zangu. Nimezungumza na mzee mmoja mwenye nyumba ambaye ameishi hapa tangu utoto, naye ameniambia kwamba baba yake na majirani walikuwa wakivuta miti iliyoanguka juu ya barafu kila majira ya baridi na kuichoma. Upande mmoja wa ziwa, ambako ardhi ni kinamasi na hakuna nyumba, miti bado ipo, na kweli huko ndiko ninakowaona perchi wakubwa kidogo.

Vipimo nimevipata kwa msaada wa mtu wa kujitolea aliyekuja na vyombo. Sahani ya Secchi ilipotea kwenye mita 7. pH ni 6.2. Maji ya juu yalikuwa na nyuzi joto 23 za sentigredi, joto likashuka ghafla kuanzia mita 6, na penye mita 9 lilikuwa nyuzi 9. Kilichonishangaza ni kwamba oksijeni ilikuwa nyingi zaidi kwenye mita 7 kuliko juu, halafu ikapungua kuelekea chini, na karibu na tope, kwenye mita 13, ilikuwa karibu hakuna. Je, chombo kilikuwa na kasoro?

Fundi wa Maji, Madison, alijibu:

Chombo kilikuwa sawa, na vipimo hivyo vinapendeza. Maji huwa mazito kuliko wakati mwingine wowote yanapofika nyuzi 4. Ndiyo maana kiangazi maji ya joto huelea juu ya maji baridi bila kuchanganyika, na ziwa huchanganyika lote mara mbili kwa mwaka, barafu inapoyeyuka na kabla haijarudi. Katika ziwa lenye maji ya tope mwanga hauyafikii maji baridi. Katika ziwa lako mwanga unafika hadi kwenye tabaka lile ambamo joto hushuka ghafla, na huko mwani mdogo unaishi, unatoa oksijeni, na maji baridi yanaishika oksijeni hiyo vizuri kuliko maji ya juu. Kwa samaki wapendao baridi, kama sisko na trauti wa ziwani, tabaka la namna hiyo ndilo chumba cha kupumzikia wakati wa kiangazi. Hapa ndipo uangavu unapokuwa na faida ya kweli, na ndipo mbolea ingeleta hasara yake ya kwanza: maji yakiwa ya kijani, mwanga usingefika tena huko chini, na chumba hicho kingefungwa.

Kukosekana kwa oksijeni karibu na tope mwishoni mwa kiangazi ni jambo la kawaida katika ziwa lenye umbo hilo. Kipimo cha kulinganisha miaka ni unene wa tabaka hilo lisilo na hewa. Likiwa mita moja mwaka huu na mita tatu baada ya miaka michache, kuna kitu kinachoingia majini, na mtu wa kwanza kuulizwa awe mwenye tangi la maji taka lililozeeka.

Kuhusu pH ya 6.2, ziwa lina uchachu kidogo wa asili na kinga yake dhidi ya asidi ni ndogo. Kabla ya jaribio la miti, lile ziwa la Little Rock lilitumika kwa jaribio jingine: kuanzia 1985 hadi 1990 upande mmoja ulitiwa asidi hatua kwa hatua, kutoka pH ya karibu 6.1 hadi 4.7, ili ieleweke mvua ya asidi inafanya nini. Wadudu wa majini walibadilika, baadhi ya samaki walishindwa kuzaliana, na zebaki katika miili ya perchi iliongezeka ikilinganishwa na upande wa pili. Kwa bahati njema sheria ya hewa safi ya Marekani iliyorekebishwa mwaka 1990 ilipunguza sana moshi wa salfa, na mvua ya leo ni bora kuliko ile ya wakati huo. Lakini hiyo habari ya zebaki inagusa swali lako la mwisho, na ningependa anayejua zaidi mambo ya afya alijibu.

Mama Neema, muuguzi, Green Bay, alijibu:

Baba, hongereni kwa mtoto mnayemtarajia. Ninawahudumia akina mama wengi waliotoka Kongo na Tanzania, na swali la samaki wa maziwa ya huku huwa linanijia mara nyingi, hivyo nitalijibu kikamilifu.

Zebaki hutoka hewani, hasa kutokana na moshi wa makaa ya mawe, huanguka na mvua na vumbi, na bakteria wa kwenye tope na kinamasi huigeuza kuwa aina inayoingia mwilini kwa urahisi. Mdudu hula kidogo, samaki mdogo hula wadudu wengi, samaki mkubwa hula samaki wadogo wengi, na kila hatua zebaki huzidi. Maziwa maangavu yenye maji laini na uchachu kidogo, kama hilo la kwenu, mara nyingi ndiyo yenye zebaki nyingi zaidi katika samaki, jambo ambalo watu hulisikia kwa mshangao kwa sababu wanaamini kwamba maji yanayoonyesha chini ni maji yasiyo na sumu. Zebaki haina rangi, haina harufu, haitoki kwa kupika, na kuondoa ngozi au mafuta hakusaidii kwa kuwa imo kwenye nyama yenyewe.

Ushauri wa jumla wa jimbo la Wisconsin ni huu. Wanawake walio katika umri wa kuzaa, akiwemo mjamzito na anayenyonyesha, pamoja na watoto walio chini ya miaka 15, wasile blugili na perchi zaidi ya mlo mmoja kwa wiki. Wolai, besi na samaki wengine wakubwa wanaowinda wenzao, mlo mmoja kwa mwezi. Na maski, samaki mkubwa sana anayewinda wenzake, wasimle kabisa. Wanaume, na wanawake waliopita umri wa kuzaa, wanaweza kula blugili na perchi bila kikomo, na wale wakubwa mlo mmoja kwa wiki, isipokuwa maski, ambaye ni mlo mmoja kwa mwezi. Baadhi ya maziwa yana masharti makali zaidi, kwa hiyo tafuta jina la ziwa lenu katika orodha ya jimbo, na kama halimo, fuata ushauri wa jumla. Mkeo asiache samaki, kwa sababu ni chakula chema kwake na kwa mtoto. Ampe kipaumbele blugili mdogo, na yule besi mzee, hata akiwa ndiye aliyempendeza zaidi, amwachie mwingine.

Mzaliwa wa Baraka alijibu:

Mama Neema, asante sana; nimemsomea mke wangu maneno yako yote, naye anakusalimu. Bado pendekezo moja halijazungumzwa, la kuleta samaki wadogo hai kutoka ziwa la jirani, na ndilo lenye wafuasi wengi kwa kuwa linaonekana halina madhara. Hoja yao ni kwamba besi ni wembamba, basi wapewe chakula.

Msoma Maziwa, Duluth, alijibu:

Kwanza, kuchota samaki hai katika ziwa moja na kuwamwaga katika jingine ni kinyume cha sheria za Wisconsin, na kupandikiza samaki wa aina yoyote kunahitaji kibali cha Idara ya Maliasili. Hilo pekee lingetosha kukuzuia wewe, ambaye ndiye ungekutwa na ndoo mkononi. Lakini sababu iliyoifanya sheria hiyo iwepo ndiyo ninayotaka wenye nyumba waisikie.

Hapohapo Vilas kuna Sparkling Lake, ziwa angavu lililokuwa na sisko. Katika miaka ya 1980 aliingia samaki mdogo mwembamba anayeitwa smelti, asiye wa asili ya maziwa hayo. Alionekana ni chakula kizuri cha samaki wakubwa, na kweli wakubwa walimla. Yeye naye akawala watoto wa sisko, na sisko wakaisha katika ziwa hilo. Smelti huyohuyo aliingia pia Crystal Lake, ambalo ni miongoni mwa maziwa maangavu kuliko yote katika eneo hilo, na perchi wakapungua sana. Mwaka 2012 na 2013 watafiti walijaribu kumwondoa kwa njia ya ajabu: walishusha majini vyombo vikubwa vya duara vilivyotandikwa turubai, wakavipandisha na kuvishusha mfululizo ili maji ya joto ya juu yachanganyike na ya baridi ya chini, kwa matumaini kwamba smelti, ambaye hawezi kuishi bila maji baridi, angekosa pa kukimbilia. Smelti walipungua sana lakini hawakuisha. Ukifikiria gharama na akili iliyotumika kujaribu kumtoa samaki mmoja asiyezidi urefu wa kiganja, utaona kwamba ndoo moja ya chambo ni jambo zito kuliko linavyoonekana.

Na hata akiletwa samaki wa asili wa maeneo hayo, swali la mahali pa kujificha linabaki palepale. Samaki wadogo waliomwagwa kwenye ufuko mtupu wataliwa ndani ya wiki chache, besi watanenepa kidogo, kisha watarudi walikokuwa. Perchi wenu mnao tayari, na mzee yule amekuambia walipobaki, kwenye upande wa kinamasi wenye miti. Ningeanzia hapo.

Nendeni kwenye mkutano na pendekezo la tano, la kurudisha miti majini. Wisconsin ina utaratibu unaotambuliwa wa kufanya hivyo: wakati wa baridi, miti mizima yenye matawi yake hukatwa mbali na ufuko ili kivuli cha maji kisipotee, huburutwa juu ya barafu, hupangwa katika mafungu mbele ya nyumba ambazo wenyewe wamekubali, na hufungwa kwa waya wa chuma kwenye mti uliosimama nchi kavu, barafu inapoyeyuka miti huzama mahali pake. Kibali kinahitajika, na wakati mwingine jimbo husaidia gharama. Kazi ya msumeno utakuwa nayo vilevile, kaka yangu, ila miti itakuwa inakwenda upande wa pili.

Fundi wa Maji, Madison, alijibu:

Ninaongeza moja tu kuhusu vipimo, kwa sababu mkitaka kujua kama miti imesaidia mtahitaji kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kabla. Sampuli ya fosforasi ichukuliwe majira ya kuchipua, mara baada ya barafu kuondoka, wakati maji yote yamechanganyika na chupa moja inaweza kuliwakilisha ziwa zima. Oksijeni ipimwe mwishoni mwa Agosti, tabaka la chini linapokuwa katika hali mbaya kuliko zote. Na Aprili hadi Mei mwanzoni, maji yanapofika kati ya nyuzi 7 na 11 hivi, piga kasia polepole kando ya ufuko asubuhi jua likiwa juu kidogo, ukihesabu mikanda ya mayai ya perchi, upande wa nyumba na upande wa kinamasi, ukiandika kila mmoja umetundikwa juu ya kitu gani. Hesabu hiyo haihitaji chombo chochote, na wenye nyumba wataielewa haraka kuliko namba zangu za maabara.